"Usiguse kitu": shajara ya upinde wa mtumba

Siku ya 1

Nimeununua kwa shilingi 18,000 kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Nairobi anayehamia pwani, nikauleta Machakos kwa matatu. Ni upinde wa kisasa wa kufunguka vipande vitatu, kwa hiyo uliingia kwenye begi la mgongoni, ncha zikachungulia nje. Makanga akaniuliza kama mimi ni fundi wa dishi. Nikasema ndiyo, tukafika salama.

Ndani ya begi: mpini wa aluminiamu wa inchi 25, mabawa mawili, ugwe mmoja uliochakaa, mishale sita ya aluminiamu, kigozi cha kuvaa vidoleni, kitufe cha springi kinachoegemea mshale ubavuni, na donge la chuma la kama nusu kilo linalofungwa chini ya mpini. Cha kulengea hakuna. Bawa la chini limeandikwa 68 na 34. Maana yake, ukilifunga kwenye mpini wa inchi 25 unapata upinde wa inchi 68, na ukiuvuta inchi 28 vidole vinabeba ratili 34, yaani kilo 15 na ushei.

Mzee aliponikabidhi alisema maneno machache tu: "Kila kitu kiko sawa. Usiguse kitu."

Marehemu baba alikuwa fundi wa magari. Kabla ya kufungua skrubu ya kabureta aliikaza kwanza hadi mwisho huku akihesabu mizunguko, akaandika, ndipo akafungua. Nami nimefanya hivyo hivyo kwenye bolti mbili zinazoshika mabawa. Ya juu imekazwa hadi mwisho. Ya chini imerudishwa robo tatu ya mzunguko. Nimeandika kwenye jalada la daftari, nami sijui bado kama ni namba nzuri au mbaya.

Jioni nimepitisha kipande cha pamba kwenye kingo za mabawa, polepole, kutoka shina hadi ncha. Pamba hushika nyuzi zilizochanika ambazo jicho halizioni. Haikushika popote. Nimeyatazama pia kwa tochi nikitafuta ufa au mahali tabaka limeachana. Kuna mikwaruzo, lakini ni ya rangi tu. Bawa lililoachana tabaka halirekebishwi kwa gundi ya dukani. Hilo ningemrudishia mzee.

Siku ya 2

Nimeuvalisha ugwe kwa kutumia kamba yake: vifuko viwili vya ngozi vinavaa ncha za mabawa, unakanyaga kamba katikati, unainua mpini, ugwe unateleza hadi mahali pake. Kuna watu hupitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja. Hivyo ndivyo mabawa yanavyopindika upande.

Babu alikuwa kibarazani akinitazama. Kwetu Ukambani upinde ni ũta, na Kiswahili cha zamani nacho kinasema uta, kwa hiyo angalau jina tumekubaliana. Mengine hayakumpendeza. Aliugonga mpini kwa ukucha, akasikia chuma, akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama nitaufungua usiku.

"Hakuna haja, Babu. Huu si wa mti."

"Mjukuu wangu, upinde ukilala umefungwa, asubuhi unaamka umechoka."

Mabawa haya ya nyuzi za kioo hayachoki kama mti, lakini nimeufungua. Kubishana naye kuna gharama kubwa kuliko kufungua ugwe.

Kabla ya hapo nilipima. Nafasi kati ya ugwe na sehemu ya ndani kabisa ya kishikio: sentimita 21.0. Kutoka ugwe hadi shina la bawa la juu: 18.2. La chini: 18.7. Kifundo kilichofungwa kwenye ugwe, ambacho mkia wa mshale hukaa chini yake, kiko milimita 17 juu ya mraba, yaani juu ya pale ambapo mstari kutoka kilalio cha mshale ungekutana na ugwe kwa pembe mraba.

Kila nilichosoma kinasema namba hizi zimekaa vibaya. Kwa upinde wa inchi 68 nafasi ya ugwe huwa kati ya sentimita 21.5 na 23. Anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini hutaka umbali wa juu uzidi wa chini kwa milimita chache. Hapa umezidiwa kwa tano. Kifundo nacho kingekuwa kwenye milimita 8 au 10. Nimelala nikijiambia kwamba mzee ameniuzia upinde uliopinduka.

Siku ya 3

Uwanja wangu ni kando ya shamba, mita 18 zilizopimwa kwa tepu, na nyuma ya shabaha kuna ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu. Shabaha ni gunia la mahindi lililoshindiliwa nguo kuukuu hadi likawa gumu kama godoro la hosteli. Mbuzi wamefungwa upande wa pili wa nyumba.

Jirani alipita akauliza kama naenda kuwinda. Nikamwambia kuwinda kulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Basi ni mchezo wa Wazungu, akasema. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2016 bendera ya Kenya kule Rio de Janeiro ilibebwa na mrusha mishale, Shehzana Anwar. Hakuniamini, akatoa simu kutafuta, na bado nadhani alikuwa anatafuta nilipovuta mshale wa kwanza.

Sikuuachia. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama ubavuni, alipiga kelele: "Ncha imeingia ndani!" Nilirudisha polepole. Mishale ya mzee ina urefu wa inchi 28. Mikono yangu ni mirefu, na nikivuta hadi kidevuni ncha inarudi karibu kuteleza kwenye kilalio chake. Mshale ukianguka nyuma ya kilalio nawe ukauachia, unaweza kuupitisha kwenye mkono wako mwenyewe. Mishale yote sita imerudi begini. Leo hakuna kurusha.

Badala yake tumepima. Nimechukua uti mmoja mrefu wa mbao nyepesi, nikauchora mistari ya inchi, nikavuta taratibu mdogo wangu akisoma. Mvuto wangu, kwa hesabu ya kawaida ya watengenezaji (hadi kishikioni, ongeza inchi moja na robo tatu), ni inchi 29 na nusu. Kisha tumeuning'iniza upinde kwenye mizani ya kidijitali ya kupimia mizigo ya ndege, tukavuta kwa mizani hiyo hadi alama ile ile, na kurudisha polepole bila kuachia. Upinde ukiachiwa bila mshale, nguvu yote hubaki kwenye mabawa, na mabawa yanaweza kupasuka.

Mizani imesoma kilo 17.7. Hizo ni ratili 39. Bawa limeandikwa 34! Lakini hakuna uongo hapo: kila inchi inayozidi 28 huongeza kama ratili mbili, na bolti zilizokazwa karibu hadi mwisho zimeongeza nyingine. Ndiyo maana jana bega liliniuma kwa kuvuta mara kumi tu.

Siku ya 6

Nimegusa.

Bolti zina skrubu ndogo ya kuzifunga kwa nyuma. Lazima uilegeze kwanza kwa ufunguo wa alen, ama utakwangua nyuzi za bolti. Nimerudisha ya chini hadi mizunguko miwili kamili, ya juu mizunguko mitatu, upinde ukiwa umefunguliwa, kisha nikavalisha na kupima upya. Bawa linalorudishwa zaidi linalegea zaidi, na umbali wake na ugwe unakua. Juu 19.1, chini 18.7. Mizani: kilo 16.2. Sasa navuta mara ishirini na bado naweza kuinua kikombe.

Halafu ule unyoofu. Nimeuegemeza upinde kwenye viti viwili, nikabandika vipande vya utepe wa karatasi kwenye mabawa na kuweka alama ya katikati kwa kalamu. Ukisimama nyuma na kufumba jicho moja, ugwe unatakiwa kupita juu ya alama zote pamoja na katikati ya mpini. Juu ulipita sawa. Chini ulikuwa umekimbilia kushoto kwa kama milimita 3. Kwenye mpini huu bawa hukaa kwenye pini inayosukumwa kwa washa nyembamba. Nimetoa washa moja upande huu nikaiweka upande ule. Mara mbili nimeihamishia upande usio wake. Hili peke yake lilikula saa moja na nusu, na ningependa kusema nililifurahia, lakini washa moja iliangukia kwenye nyasi.

Siku ya 9

Ugwe. Ule wa mzee ulikuwa umetoa manyoya pale unapogusa kigozi, nyuzi mbili zimekatika. Duka la vitu hivi karibu nami halipo, basi nimeusokota mwenyewe kwa uzi wa dakroni ambao mzee alikuwa amenitilia begini bila kunitajia. Misumari minne kwenye ubao, nyuzi 14, vitanzi viwili, katikati nimezungushia uzi wa nailoni wa mshona viatu. Juu yake nta ya nyuki.

Dakroni ina tabia ya kunyooka. Niliuvalisha asubuhi nafasi ikiwa sentimita 22.4, jioni ikawa 21.9, kesho yake 21.5. Nimeongeza misokoto kumi na miwili ikarudi 22.3, ikatulia. Watu hulalamika kwamba dakroni ni polepole, na ni kweli ugwe mgumu wa kisasa husukuma mshale kwa kasi zaidi. Lakini kwa mabawa ambayo umri wake siujui, ugwe unaopokea kishindo kidogo ndio ninaoutaka.

Siku ya 16

Shemeji ametua kutoka Dubai na mishale minane. Aluminiamu ya Easton, 1816. Namba hiyo inasoma hivi: kipenyo ni sehemu 18 za inchi iliyogawanywa 64, na unene wa ukuta wa bomba ni sehemu 16 za inchi iliyogawanywa elfu moja. Ya mzee ilikuwa 1716, nyembamba zaidi na laini zaidi. Urefu inchi 30 na nusu, ncha yangu sasa inabaki nje ya upinde.

Sita zina manyoya, mbili nimeyabandua. Hizo mbili nimeziita vipara. Manyoya husahihisha makosa ya mshale hewani. Kipara hakina wa kukisahihisha, kinakwenda kule upinde ulikokituma. Ukirusha aina zote mbili kwa mkono ule ule, umbali kati yao ndio barua ya upinde kwako.

Barua ya kwanza, mita 18: manyoya yamekusanyika, vipara viko kulia kwa sentimita 22 na chini kwa 15. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, kipara kikienda kulia uti ni laini mno kwa upinde huo. Kikienda chini, kifundo kiko juu mno. Kwenye ugwe mpya nilikuwa nimekifunga pale pale pa mzee, milimita 17, kwa uvivu wa kufikiri.

Hapo nikafanya ujinga. Jua lilikuwa linazama, nikashusha kifundo, nikakaza springi ya kitufe na nikasogeza kitufe chenyewe, vyote kwa mpigo. Vipara vikaenda kushoto. Kisha kimoja kikaenda kulia. Sikujua tena ni kipi kilichofanya nini. Nimerudisha vyote kwa kufuata daftari, nikaingia ndani nikiwa na hasira za mzee.

Siku ya 17

Mvua, hakuna kurusha. Nimesafisha vifaa.

Kigozi cha mzee sikuwa nimekitazama vizuri. Ukingo wake una mshono wa uzi mweupe, na kando ya mshono kuna vistari vya kalamu: kimoja kwenye tundu la nne, kingine la saba, kingine la kumi na moja. Nikadhani ni mapambo. Kisha nikatazama matundu ya mpini ambako kilengeo hufungwa. Rangi yake ni safi kabisa, hakuna skrubu iliyowahi kuingia. Na lile donge la chuma chini, mahali ambapo wengine hufunga fimbo ndefu ya kutuliza upinde.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umegusa?"

"Nimegusa kila kitu."

Akacheka hadi akakohoa. Yeye hajawahi kulenga kwa kifaa. Anatazama ncha ya mshale, vidole vyote vitatu viko chini ya mshale, na umbali anaurekebisha kwa kushuka kwenye ugwe: shabaha ikiwa karibu anahesabu tundu nyingi za mshono na kushika chini zaidi, ikiwa mbali anapanda. Vidole vikishuka, bawa la chini hubeba mzigo mkubwa zaidi, ndiyo maana ule umbali wa juu na wa chini ameupindua. Mkia wa mshale hutaka kusukumwa chini, ndiyo maana kifundo kiko juu. Mabawa yake ni ratili 34, lakini mvuto wake ni inchi 27 tu. Bolti amezikaza karibu hadi mwisho ili afidie. Mishale ya inchi 28 inamtosha, na 1716 kwa uzito huo ni sahihi.

Hakuna namba hata moja kwenye jalada la daftari langu iliyokuwa kosa. Ulikuwa upinde uliofungwa barabara kwa mtu mfupi asiyetumia kilengeo. Wiki mbili nilikuwa namvua koti lake huku nikimsema kwamba halinitoshi.

Siku ya 20

Kimoja kimoja. Kila badiliko, vipara viwili na manyoya manne, mara tatu, kisha kalamu.

Kifundo: kutoka milimita 17 hadi 13. Vipara vimepanda, sasa chini kwa sentimita 7. Hadi 10: chini kwa 2. Hadi 9: sawa. Nimekifunga kwa uzi wa kusafishia meno na tone la gundi. Ni chepesi kuliko kile cha shaba, na ukitaka kukisogeza unakizungusha tu kama nati.

Kisha katikati. Ukisimama nyuma ya upinde na kuupanga ugwe juu ya mstari wa mabawa, ncha ya mshale inatakiwa kuonekana kushoto kidogo ya ugwe. Yangu ilikuwa imefichwa nyuma yake. Nimesukuma kitufe nje nusu mzunguko.

Vipara bado viko kulia, sentimita 14.

Siku ya 22

Springi ya kitufe nimeikaza mizunguko miwili. Kulia 11. Mitatu: 10. Springi imekaribia kuwa ukuta na haisemi kitu tena. Uti wenyewe ni laini, hapo hapakwepeki.

Njia nilizonazo ni mbili, kupunguza nguvu za upinde au kufupisha mshale. Mshale mfupi ni mgumu zaidi kwa sababu una sehemu ndogo ya kupinda. Nimefanya yote mawili, kwa siku tofauti, nimejifunza. Leo bolti zote nusu mzunguko nje, kilo 15.8. Nimehakikisha bado nyuzi za kutosha zimeshika. Mtengenezaji huweka kikomo, na bolti ikichomoka upinde umevutwa, hutapata nafasi ya kujuta. Nafasi ya ugwe nimeirudisha palepale. Kulia 7.

Siku ya 24

Nimempelekea mishale fundi wa madirisha ya aluminiamu pale sokoni. Kikata bomba cha mafundi bomba hukandamiza mdomo wa uti, ila yeye ana diski nyembamba inayozunguka kwa kasi. Kwanza nyumbani nilipasha ncha juu ya jiko la gesi hadi gundi ikayeyuka, nikazivuta kwa koleo. Akakata nusu inchi kila mmoja upande wa ncha, akalainisha kwa tupa ndogo, na akakataa malipo. Alitaka tu kujua nawinda nini huko. Nikamwambia magunia.

Jioni, inchi 30 kamili, springi nikailegeza hadi katikati ya safari yake. Vipara: kulia 3, juu 1.

Nilirusha tena ili nisijidanganye. Kulia 4, sawa kwa urefu. Tena. Kulia 3. Kwenye karatasi ya shabaha ya sentimita 40, ile ya mashindano ya ndani ya ukumbi kwa mita 18, duara la kumi lina upana wa sentimita 4. Mkono wangu mwenyewe unatikisika zaidi ya hapo, kwa hiyo upinde na mimi tumefika mahali ambapo siwezi kumlaumu yeye. Kaza skrubu za kufunga bolti. Alama ya rangi ya kucha kwenye kila skrubu, ili nikiona imesogea nijue.

Siku ya 27

Mita 30, kilengeo cha kuazima. Mishale sita, mitano ndani ya sahani ya chakula, mmoja umechomoka kwenye gunia hadi kwenye udongo na kurudi na ncha iliyopinda. Babu alikuja akauvuta upinde mara moja, akaurudisha bila kuuachia, bila kuambiwa. Akasema ni laini.

Nilimtumia mwalimu picha ya ile mitano. Alijibu baada ya saa moja.

"Vizuri sana. Zile namba za siku ya kwanza bado unazo?"

"Ninazo, mwalimu. Kwenye jalada."

"Nitumie. Nimepata mpini mwingine huku, na mimi sikuwahi kuziandika."